Uzi: Afraha haukuwa uwanja wa mpira pekee, tuandike yaliyopita pale kabla rangi mpya haijakauka

Mzalia_wa_Section58 (mwanzilishi wa uzi)

Wadau wa Nakuru na majirani zetu wa Kisumu, Kakamega na Eldoret, naomba tuuzungumzie uwanja wa Afraha kwa kirefu.

Tangu ujenzi mpya uanze wakati wa Gavana Lee Kinyanjui, kwa fedha za ule mradi wa miji wa Benki ya Dunia, kila anayeutaja uwanja huu huuliza viti vitakuwa vingapi na taa zitawaka lini. Ni maswali ya haki. Lakini sijamsikia mtu akiuliza uwanja huu umekuwa ukiufanyia mji kazi gani miaka yote hii, na kazi hizo zitahamia wapi ukishakuwa mpya.

Msimamo wangu nauweka hapa mapema ili anayetaka kunipinga anipinge kwa haki. Afraha ulipata heshima yake Nakuru kwa sababu ulikuwa karibu na mji na lango lake halikuwa gumu. Kwa hizo sababu mbili uliweza kuwa uwanja wa mpira, wa gwaride, wa injili, wa siasa, na siku moja mbaya ukawa makao ya watu waliokimbia nyumba zao. Ukijengwa ukapendeza, halafu kuingia kukawa kwa barua na ada, viti tutakuwa navyo na uwanja wa mji tutakuwa hatuna.

Nitaandika kwa awamu. Anayekumbuka zaidi aongeze.

Mzalia_wa_Section58

Naanza na mpira kwa sababu ndio uliotutambulisha. Vijana wengi hawajui kwamba bingwa wa kwanza kabisa wa ligi ya taifa ya Kenya hakutoka Nairobi wala Mombasa. Alikuwa Nakuru All Stars, mwaka 1963, mwaka ule ule bendera ya uhuru ilipopandishwa. Luo Union wakachukua mwaka uliofuata, na mwaka 1969 Nakuru wakarudi tena kileleni. Ukimwambia hivyo mtoto wa leo wa Kaptembwa anadhani unamtungia hadithi.

Kisha zikaja enzi za Ulinzi Stars. Wanajeshi wale walichukua ligi 2003, 2004 na 2005, mara tatu mfululizo, wakaongeza ya 2010. Tuliwaita wetu ingawa ni timu ya jeshi, kwa sababu nyumbani kwao palikuwa hapa. Siku Gor Mahia au Ingwe, yaani AFC Leopards, wakija, mji ulibadilika tangu asubuhi. Matatu kutoka Kisumu na Kericho zilishuka zimejaa matawi na nyimbo, wauza smokie na mayai wakapanga mikokoteni yao kando ya ukuta, na wasio na kiingilio wakajua miti ipi inaona goli. Uwanja wenyewe ulibeba watu elfu nane hivi, lakini siku hizo mpira ulitazamwa na wengi zaidi ya waliokaa ndani.

Na siku zisizo na mechi? Hapo ndipo ninapotaka watu wapakumbuke. Asubuhi palikuwa na wakimbiaji na wazee walioambiwa na daktari watembee. Saa nne ungekuta shule fulani ina michezo ya wilaya. Jioni vijana wa mitaa walicheza nusu uwanja, mawe ndiyo magoli, mpaka giza liwatoe. Hakuna gazeti lililoandika habari zao, na ndio waliokuwa wengi kuliko mashabiki wa ligi kwa mwaka mzima.

Kipenga_Huru

Nakusoma kwa heshima kaka, lakini mimi nimecheza mpira kwenye uwanja ule na nina neno tofauti. Hiyo "lango halikuwa gumu" unayoisifu ndiyo iliyotuua. Jumamosi kuna mkutano wa kisiasa, magari yanaingia mpaka katikati ya uwanja, jukwaa la vyuma linasimamishwa kwenye eneo la hatari. Jumapili krusedi. Jumatano unaambiwa ucheze ligi. Mpira unaruka kama sungura, mchezaji anatia mguu kwenye shimo la mti wa hema, goti limekwisha. Wenzangu wameacha mpira kwa majeraha ya namna hiyo.

Uwanja wa mpira uwe wa mpira. Wanaotaka kuhutubia wana showground, ule uwanja wa maonyesho ya kilimo.

Mwalimu_Lanet

Kipenga ana hoja, na mimi nitaongeza jambo ambalo vijana hawakuliona. Kabla ya kaunti, Nakuru ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Bonde la Ufa. Sikukuu za taifa sisi walimu tuliwapeleka watoto Afraha. Mkuu wa Mkoa alisimama jukwaani akasoma hotuba ya Rais neno kwa neno, baada ya gwaride la polisi na askari jela na maskauti. Watoto walifanya mazoezi ya nyimbo za kizalendo kwa wiki nyingi. Nguo za shule zilifuliwa usiku kwa sababu wengi walikuwa na jozi moja tu.

Jua la Desemba lilikuwa kali na vumbi la Nakuru mnalijua. Udongo wetu ni majivu ya volkano, nyasi zikikwisha unapumua uwanja mzima. Tulipoteza watoto wachache kwa kuzirai kila mwaka, yaani walibebwa wakapewa maji na glukosi kisha wakarudi mstarini.

Nataka kusema nini? Kwamba kwa mtoto wa Njoro, Rongai au Subukia, Afraha ndiyo mara ya kwanza aliuona mji. Hakuja kwa ajili ya mpira. Alikuja kuimba. Na mpaka leo nikikutana na mwanafunzi wangu mwenye mvi, akianza kukumbuka shule, anaanza na siku ile tulipanda lori kwenda Afraha.

Nyasi_Kijani

Mimi kazi yangu ni viwanja, gofu na mpira, kwa hiyo niruhusuni niingie kwenye hilo la Kipenga, maana watu hulizungumza bila kuangalia chini.

Mkutano wa watu waliosimama hauharibu nyasi sana, ukiwa wa siku moja na udongo ni mkavu. Kinachoharibu ni magari na uzito unaokaa mahali pamoja. Lori likiingia kwenye udongo wenye unyevu linaushindilia, matundu ya hewa yanafungwa, maji hayashuki tena. Mvua inayofuata inatengeneza kidimbwi, mizizi inaoza, na pale panapooza panabaki upara. Udongo wetu laini ni mbaya zaidi kwa hili, unashuka kwa urahisi na ukikauka unapeperuka.

Dawa ipo na haina uchawi. Unatoboa uwanja kwa uma au mashine, unamwaga mchanga safi uingie kwenye matundu, unapanda upya palipokufa, unamwagilia, unafunga. Wiki sita mpaka nane msimu wa mvua, zaidi kiangazi. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kodi ya tukio moja kubwa. Tatizo ni kwamba pesa ya tukio huingia ofisini na mchanga haununuliwi. Nimefanya kazi kwenye uwanja mmoja, si lazima niutaje, ambako mwenye tukio alilipa, akasifiwa, na sisi wa shambani hatukupata hata mpira wa kumwagilia maji.

Kwa hiyo msigombane kuhusu mikutano. Gombanieni amana ya kurekebisha nyasi, iandikwe kwenye mkataba, isichanganywe na mapato mengine.

Kipenga_Huru

Hiyo ya amana nimeipenda. Endelea mwenye uzi.

Mzalia_wa_Section58

Asante Nyasi_Kijani, nitalirudia hilo mbele. Sasa nafika mahali penyewe, na nitaandika polepole.

Mwisho wa Desemba 2007 na Januari 2008. Wenye umri wanajua. Matokeo ya urais yalipotangazwa, ghasia zikazuka, na watu walianza kufika Nakuru kutoka Molo, Kuresoi, Burnt Forest, Eldoret. Nakuru ni njia panda, aliyekimbia kutoka magharibi alipita hapa na aliyekuwa akikimbilia magharibi alipita hapa. Kisha tarehe 24 Januari na siku zilizofuata moto ukawaka ndani ya Nakuru yenyewe, na tarehe 27 ukafika Naivasha. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote. Waliofurushwa walipita laki sita.

Showground ya Nakuru ikawa kambi kubwa. Na Afraha ukawa kambi. Uwanja wa All Stars, uwanja wa nyimbo za Mwalimu_Lanet, ukawa na mahema ya Msalaba Mwekundu. Palepale.

Ndiyo maana sikubali neno "uwanja wa mpira uwe wa mpira" likisemwa bila kupumua. Usiku ule uwanja ulikuwa na ukuta, ulikuwa na maji ya bomba, ulikuwa na vyoo hata kama vibovu, ulikuwa na nafasi ya wazi ambayo askari angeweza kuilinda, na watu waliweza kuufikia kwa miguu wakiwa wamebeba watoto. Nani aliyepanga hivyo? Hakuna. Jiulize kama ungekuwa umefungwa kwa minyororo na mlinzi anasubiri barua kutoka juu, wale watu wangelala wapi.

Mama_FreeArea

Nimesoma uzi huu kimya, sasa naandika.

Mimi nilikuwa kidato cha pili. Tulifika Afraha jioni, mama yangu, wadogo zangu na bibi. Baba alikuwa amebaki nyuma kutafuta ng'ombe wetu. Mahema yalikuwa hayajafika ya kutosha, tukalala chini ya jukwaa, zile ngazi za saruji zilikuwa dari yetu. Baridi ya Nakuru usiku wa Januari ni ya kuuma. Kulikuwa na familia nyingine karibu nasi ambayo lugha yao haikuwa yetu, na kijijini tulikotoka lugha ile ndiyo tuliyokuwa tunaikimbia. Wao walikuwa wanaikimbia yetu. Mama yao alitupa blanketi moja. Mama yangu alikuwa na unga. Wakapika pamoja kwenye mafiga matatu pale ambapo wachezaji walikuwa wakipasha misuli moto.

Mambo ninayokumbuka ni madogo. Foleni ya maji, mitungi imepangwa mstari tangu alfajiri kushika nafasi ya mwenyewe. Kelele za watoto, kwa sababu watoto hawakuacha kucheza mpira hata siku moja, walicheza katikati ya kamba za mahema. Walimu wa kujitolea wakaanza madarasa chini ya turubai. Mimi niliendelea na hesabu pale, na nilifanya mtihani wangu wa kidato cha nne kwa wakati.

Mwezi wa tano serikali ikaanza ile operesheni ya kurudisha watu nyumbani. Kulikuwa na shilingi elfu kumi za kuanzia, na elfu ishirini na tano za nyumba. Wengine walipata, wengine mpaka leo wanafuatilia. Sisi hatukurudi. Tulibaki Nakuru.

Kitu kimoja ndicho kinachoniumiza. Napita Afraha mara kwa mara, na hakuna mahali pameandikwa kwamba watu waliishi humu. Hata kibao kidogo. Nina mtoto sasa, nimemwonyesha kwa kidole tu.

Mwalimu_Lanet

Pole sana mama. Na asante kwa kuandika. Niliwafundisha watoto kadhaa waliotoka kambi ile, na ilibidi mtu akuelekeze ili ujue nani ni nani, maana hawakusema.

Kipenga_Huru

Pole dada yangu. Narudisha lile neno langu kuhusu showground, si kwa sababu ya mpira, kwa sababu ya ulichoandika. Tuendelee.

Mzalia_wa_Section58

Mama_FreeArea, uzi huu sasa ni wako zaidi kuliko wangu.

Nimalize sehemu ya historia. Mwaka 2016 uwanja ule ule ulipokea mambo mawili makubwa ndani ya miezi miwili. Tarehe 16 Aprili, baada ya kesi ya Ruto na Sang kuhusu ghasia zile kusitishwa The Hague mwanzoni mwa mwezi huo, na ile ya Uhuru Kenyatta kuondolewa tangu Desemba 2014, viongozi waliitisha maombi ya shukrani Afraha. Uwanja ulijaa ukafurika. Kisha tarehe 1 Juni, Madaraka ikafanyika Afraha, sherehe ya kitaifa ikitoka Nairobi na kuja kwetu, na baada yetu kaunti nyingine zikaanza kupata zamu. Nakuru ilifagiliwa, barabara zikapakwa rangi, ndege za kijeshi zikapita juu ya Menengai.

Sina ugomvi na aliyefurahi siku hizo. Nilikuwepo kwenye Madaraka na nilijivunia mji wangu. Lakini katika hotuba zote nilizosikia pale uwanjani, waliolala chini ya jukwaa lile hawakutajwa kama watu wa mahali pale. Walitajwa kama suala, kama idadi. Uwanja ulikuwa unajua majina yao na waliosimama juu yake hawakuuliza.

Tarehe 1 Desemba 2021 tukawa jiji. Na jiji linajenga. Ulinzi wameshahamia uwanja wao wa Lang'ata, Nairobi. Uwanja ukafungwa kwa ujenzi, na vijana wa jioni niliowaandika mwanzo wakatawanyika, wengine barabarani, wengine kwenye vibanda vya kubashiri mechi. Raga inaendelea kule Nakuru Athletic Club, timu ya Wanyore ipo na mashindano ya Prinsloo yapo, lakini klabu ni klabu, ina wanachama wake.

JaKisumo_Halisi

Wandugu wa Nakuru, nawasalimu kutoka Kisumu. Nimefuata uzi huu nikaona nilete habari za kwetu, kwa sababu sisi tulifanya tofauti na kuna la kujifunza.

Kisumu tuna viwanja vitatu na kila kimoja kimepata kazi yake. Jomo Kenyatta Sports Ground uko katikati ya jiji, na ndio uwanja wa wananchi. Mikutano ya kisiasa ni pale, krusedi ni pale, mtu akitaka kukaa kwenye nyasi ale mahindi ya kuchoma ni pale. Moi Stadium ndio wa mpira, Gor wakija nyumbani wanachezea pale, na kwenye kombe la CECAFA la Afrika Mashariki na Kati, 2017, timu ya taifa Harambee Stars walicheza nusu fainali pale na Burundi. Halafu kuna Mamboleo, njia ya Kakamega, ambayo zamani ilikuwa showground tu. Sisi tuliokua miaka ya themanini na tisini, Mamboleo ilikuwa ng'ombe wa maonyesho, trekta, bembea za kuzunguka, na kupotea kwa watoto mpaka tangazo la kipaza sauti.

Leo Mamboleo ina uwanja wa kimataifa. Ulifunguliwa kwa Madaraka ya 2021, Rais wa Burundi alikuwa mgeni, na kwa sababu ya korona walioingia walikuwa wachache. Mei 2022 eneo lile likapokea mkutano wa Africities, mameya na magavana wa Afrika nzima.

Lakini siku iliyoupa uwanja ule jina mioyoni mwetu ni tarehe 18 Oktoba 2025. Jakom, yaani Raila Odinga, alikuwa amefariki India tarehe 15. Nairobi waliomboleza kwanza, kisha mwili ukaletwa Kisumu, ukapelekwa Mamboleo. Watu walikuwa wamelala pale. Walitoka Siaya, Homa Bay, Migori, Busia, wengine kwa miguu, na matawi mikononi, na vilio ambavyo sitavieleza. Wengine walizirai kwa msongamano, wa Msalaba Mwekundu hawakupumzika. Kesho yake akazikwa Kang'o ka Jaramogi, Bondo.

Hakuna mhandisi aliyechora uwanja ule akiwaza matanga. Alichora sherehe na mpira. Lakini milango ilipofunguliwa siku ile, ilionekana wazi milango ipi ni mipana na ipi ni myembamba, wapi watu wanaweza kutoka wakizidiwa na wapi hawawezi. Kwa hiyo ninyi mnaojenga sasa, waambieni wachoraji wenu wahesabu siku za huzuni pia. Kila uwanja wa Kenya utaona moja.

Ingwe_Damu

Kakamega hapa. Uwanja wetu wa Bukhungu nao ni vivyo hivyo. Desemba 2017 tuliwafunga Rwanda mbili bila pale, CECAFA ile ile aliyoitaja jirani, mji haukulala. Desemba 2021, siku ya mwisho ya mwaka, ikawa siasa, ule mkutano wa Atwoli, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Kati ya hapo ni mechi za klabu yetu ya Homeboyz na michezo ya shule. Mimi sioni ubaya uwanja kuwa na kazi nyingi, naona ubaya kusiwe na ratiba. Sisi mashabiki tumewahi kusafiri tukakuta mechi imehamishwa usiku kwa sababu mkubwa fulani anautaka uwanja.

JaKisumo_Halisi

Hilo la ratiba liandikwe kwa wino mwekundu.

Nyasi_Kijani

Jirani wa Kisumu ametaja milango, na ni kweli kabisa. Niongeze la kiufundi. Uwanja ukiwa na njia pana ya gari inayozunguka nje ya nyasi, na mahali maalum pa kusimamisha jukwaa nyuma ya goli moja, juu ya saruji au mawe, basi mkutano mkubwa unaweza kufanyika na lori lisikanyage uwanja. Maji na umeme vifike mahali pale pale. Mabomba machache ya nje ya vyoo yawe na viungo vya kuongeza matangi. Hiyo inasaidia tamasha, inasaidia krusedi, na Mungu apishe mbali, inasaidia kambi. Ukiweka wakati wa kujenga ni bei ndogo. Ukisubiri mpaka baadaye unavunja saruji mpya.

Na msikubali kila kona iwe viti. Acheni upande mmoja mteremko wa nyasi. Watoto wa shule wanakaa pale, hakuna kiti cha kung'olewa.

Mtoto_wa_Kivumbini

Mimi nina miaka ishirini na mbili, kwa hiyo All Stars na Mkuu wa Mkoa navisoma tu. Kwetu sisi Afraha ilikuwa tamasha za redio, mashindano ya densi na mbio za Jumamosi. Dada yangu anakimbia mita mia nane, alijifunzia kwenye ule mchanga, akipiga mbio huku anakwepa wapitao njia. Sasa wanasema kutakuwa na njia ya kukimbilia ya kisasa, ya raba, na tunaitaka sana. Swali letu ni moja. Asubuhi saa kumi na mbili kabla ya shule, ataruhusiwa kuingia? Maana tumeona viwanja vingine nchini, njia ya kukimbilia ikishawekwa, mlinzi anawaambia wakimbiaji hii ni ya mashindano.

Kama jibu ni hapana, basi mchanga ulikuwa bora kwake.

Mzalia_wa_Section58

Mtoto wa Kivumbini, swali lako ndilo nililokuwa nazunguka zunguka tangu mwanzo na wewe umelisema kwa mstari mmoja.

Wacha nieleze kwa nini nadhani jibu linaweza kuwa ndiyo tukisukuma. Katiba ya 2010 inaibana kaunti ishirikishe umma, na ada za kutumia mali ya kaunti hupitia sheria ya fedha ya kila mwaka bungeni pale Nakuru. Yaani bei ya kuingia Afraha, nani analipa, nani halipi, saa ngapi, haishuki kutoka mbinguni. Kuna kikao cha maoni kila mwaka, na mara nyingi wanaojaza viti ni wafanyabiashara wa soko, wenye matatu na watu wa baa, kwa sababu wao wanajua ada zitawauma. Wakimbiaji hawaji. Walimu hawaji. Wakiitwa kuchangia maoni kuhusu "ada za vifaa vya michezo" hawajui ni wao wanaozungumziwa.

Kwa hiyo napendekeza tuandike maoni yetu, tuyapeleke kwa maandishi, yagongwe muhuri wa kupokelewa. Haya ndiyo nimeyaokota humu ndani. Saa za asubuhi na jioni kwa watembeaji na wakimbiaji bila malipo, ziandikwe kwenye sheria na sio kwenye kibao cha mlinzi. Amana ya nyasi kwa kila tukio lisilo la michezo, kama alivyosema Nyasi_Kijani. Ratiba ya uwanja ibandikwe hadharani na mtandaoni, na mechi iliyokwisha kupangwa isiondolewe kwa simu ya mtu. Mahali pa jukwaa nje ya nyasi. Milango ihesabiwe kwa siku ya msongamano mkubwa kuliko yote, si kwa siku ya kawaida.

Na kibao cha Mama_FreeArea. Hili nataka liende peke yake, kwa karatasi yake, lisizikwe kati ya mabomba na ada. Kiseme tu kwamba kuanzia Januari 2008 watu waliofukuzwa makwao waliishi hapa, na mji uliwapokea. Majina ya makabila hayahitajiki, wala ya wanasiasa.

Mama_FreeArea

Nikubalie nibadilishe neno moja. Usiandike "mji uliwapokea". Wengine wetu mji ndio uliotufukuza, zile siku za mwisho wa Januari. Andika waliishi hapa, wakalindana. Hiyo ni kweli kwa wote tuliokuwa ndani.

Mzalia_wa_Section58

Nimebadilisha. Wakalindana.

Mwalimu_Lanet

Mimi nitaitisha walimu wastaafu wa michezo na muziki, wengi bado wako hai na sauti zao zinasikika. Nikipata picha za gwaride za miaka ya themanini nitaziweka hapa. Kuna moja ninayo, jukwaa kuu linaonekana vizuri kabla halijaguswa na ukarabati wowote.

Kipenga_Huru

Mimi naleta wachezaji wa zamani. Tuna kundi la WhatsApp la maveterani, wapo wa All Stars wa miaka ya mwisho na wa Ulinzi. Wale wanajua uwanja ule kwa magoti. Karatasi yetu itaandika kuhusu amana na ratiba, ya kibao tutaitia sahihi sote.

JaKisumo_Halisi

Mkimaliza yenu mtutumie nakala. Mamboleo nako hakuna kibao cha tarehe 18, na njia za kutokea tunataka zipimwe upya kabla ya mkusanyiko mwingine.

Mtoto_wa_Kivumbini

Dada amesoma uzi wote. Anasema kwenye ile ya saa za bure muandike saa kumi na moja na nusu, siyo kumi na mbili, kwa sababu kumi na mbili tayari anatakiwa awe anaoga aende shule.

Mzalia_wa_Section58

Saa kumi na moja na nusu. Imeingia. Rasimu nitaiweka hapa Ijumaa, kila mtu aipitie kabla hatujaichapisha.